Hita za maji ya kuoga Mwanza: ipi itengenezwe, ipi ing'olewe

Hita nyingi zinazong'olewa ukutani hapa Mwanza hazijafa. Imeungua elementi, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, au tanki limejaa tope, au raba ya mfuniko imekauka, na fundi ameona kuuza mpya ni kazi nyepesi kuliko kufungua boliti tano. Upande wa pili wapo wanaong'ang'ania tanki lililokwisha kutoboka, wanalipaka gundi ya chuma kila mwezi huku maji yanadondokea kwenye waya. Mapitio haya yanazitazama aina tatu zinazouzwa katika maduka ya mjini: hita ya tanki inayotundikwa ukutani, ya papo kwa papo inayofungwa kwenye bomba la mvua, na ya jua inayokaa juu ya bati. Swali ni moja kwa zote: ikianza kusumbua, utajuaje kwamba siku zake zimekwisha?

Mwenye haraka achukue hili. Hita ya tanki hung'olewa tanki lenyewe linapovuja au linapotema kutu. Ya papo kwa papo hung'olewa plastiki au vituo vya waya, yaani pale waya zinapofungwa, vinapoyeyuka. Ya jua hung'olewa tanki la ndani linapotoboka. Mengine karibu yote ni vipuri, na vipuri vipo madukani.

Maji ya ziwa, milima ya mawe

Fungua kitabu cha maelekezo cha hita yoyote iliyotoka nje, utakuta chokaa imetajwa kila ukurasa. Kwetu hilo si tatizo la kwanza. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, madini yake ni kidogo. Birika la jikoni Kirumba hukaa muda mrefu bila ule ukoko mweupe ambao watu wa Dodoma wanaukwangua kwa kisu. Anayetegemea kisima kirefu, huko Kisesa au Buhongwa tuseme, hesabu yake ni nyingine, na akiona unga mweupe kwenye birika ajue elementi ya hita nayo imevaa koti hilohilo. Lakini kwa anayetumia maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya mji, yawe ya chanzo cha Capri Point au cha Butimba, maadui ni wengine.

Wa kwanza ni maji kukatika. Nyumba iko mlimani, Isamilo au Bugando. Maji yamekatika, mtu anafungua koki ya moto aone kama yamerudi. Hewa inaingia kwa koki ile, na maji yaliyokuwa tankini yanarudi kinyumenyume kwa bomba la baridi, yanateremka kwa majirani wa chini. Kilichowekwa kuzuia hilo ni kivalvu kidogo cha kutorudisha maji, kimefichwa ndani ya valvu ya usalama palepale chini ya hita. Kina springi na raba ya ukubwa wa kifungo cha shati. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye raba hiyo, mlango unabaki wazi, tanki linakauka, na umeme bado umewashwa. Elementi ikiwa majini joto lake halizidi sana la maji yenyewe. Ikiwa hewani inakuwa nyekundu ndani ya muda mfupi, ganda lake linapasuka, na sakiti breka inaruka. Kesho yake fundi anasema hita imekufa. Kilichokufa ni elementi, na kilichoiua ni raba.

Wa pili ni tope. Maji yakirudi baada ya kukatika, ndoo ya kwanza huwa na rangi ya chai ya rangi. Tanki la hita ni sehemu ambako maji hayo hutulia, basi tope hutua humo kila wiki, msimu wa mvua zaidi. Tope likifika kwenye elementi, joto halitoki vizuri, na utasikia mlio wa kutatarika kama mahindi yanayokaangwa. Mlio huo peke yake si sababu ya kununua hita.

Wa tatu ni volti ndogo. Nguvu ya elementi haishuki sawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Umeme ukitoka 230 hadi 180, ambayo si ajabu mwishoni mwa laini kati ya saa moja na saa tatu usiku, hita ya wati 1,500 inabaki na wati 920 hivi, asilimia 61. Maji yaliyokuwa yakichemka kwa saa moja na dakika 20 sasa yanataka saa mbili na zaidi. Watu wamebadili hita kwa sababu hiyo, wakafunga mpya, ikawa vilevile. Pima volti usiku, na hita ikiwa imewashwa, kabla ya kulaumu chochote.

Wa nne hauonekani. Mji huu umekaa juu ya mawe ya graniti, na fimbo ya athi haipigwi kwenye jiwe. Fundi asiye na subira huikata fimbo, huichomeka kwenye kifusi cha kina cha goti, hufukia. Athi ya namna hiyo haifanyi kazi yake. Kama unahisi kutetemeka kwa mbali ukigusa koki wakati wa kuoga, zima hita saa hiyohiyo na usiiwashe mpaka athi ipimwe na elementi ipimwe. Hapo hakuna cha kusubiri mwisho wa mwezi.

Hita ya tanki

Hii ndiyo yenye maswali mengi, kwa hiyo tukae nayo. Ndani ya koti la nje kuna sponji ngumu ya kuhifadhi joto, na ndani ya sponji kuna tanki la chuma. Mengi ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa kauri ya kioo upande wa ndani. Machache ni ya chuma kisichoshika kutu. Kauri hiyo huwa na vitundu visivyoonekana, na kazi ya kuvilinda ni ya fimbo ya magnesi, yaani anodi, inayokaa pembeni ya elementi. Magnesi inaliwa na maji ili chuma kisiliwe. Ikiisha, chuma kinaanza. Umri wa tanki kwa kweli ni umri wa fimbo hiyo: anayeikagua kila mwaka na kuibadilisha hufikisha miaka 10 au 12 bila wasiwasi, asiyejua kama ipo huanza kuona kutu mwaka wa tano au wa sita.

Dalili zinazowachanganya watu zaidi ni za maji kudondoka, kwa sababu maji yanaweza kutoka sehemu nne na hukumu ni tofauti kila mara. Yakidondoka kwenye mdomo wa valvu ya usalama wakati hita inapasha, na kukoma ikishatulia, hapo hakuna ugonjwa. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 60 yanatanuka kwa asilimia 1.4 hivi, kwa hiyo tanki la lita 50 linatafuta pa kutolea kama robo tatu ya lita. Wapo wanaoziba mdomo huo kwa kijiti na kuufunga kwa mpira. Wanatengeneza bomu; ondoa kijiti. Yakidondoka mchana na usiku hata hita ikiwa imezimwa, ama valvu ina mchanga ama msukumo wa maji ni mkubwa mno. Nyumba za chini kabisa karibu na ufuko hupata msukumo mkubwa kuliko za juu, kwani kila mita 10 za mteremko ni bar moja, na valvu nyingi hufunguka kwenye bar 7 au 8. Hapo nunua valvu mpya, na ikibidi kipunguza msukumo kifungwe baada ya mita ya maji.

Yakitoka kwenye viungio vya mabomba, ni kukaza na tepu nyeupe. Yakitoka pembezoni mwa mfuniko wa elementi, kaza boliti kwa kupishana kama tairi la gari. Yakiendelea, raba imechoka, badili. Lakini yakitoka kwenye ukingo wa koti la nje, mbali na mfuniko, yakiwa na rangi ya kutu na yameacha michirizi ya kahawia ukutani, tanki limetoboka ndani ya sponji. Usikubali kuchomelewa. Moto wa kuchomelea unapasua kauri sehemu nyingine, na mwezi haupiti utakuwa na matundu mawili badala ya moja. Hiyo ndiyo hukumu ya kung'oa.

Rangi ya maji nayo ina kipimo rahisi. Chukua glasi mbili asubuhi kabla mtu hajaoga. Moja jaza maji ya koki ya moto, ya pili ya koki ya baridi, ziweke juu ya karatasi nyeupe dakika 20. Zote zikiwa na kahawia, tatizo ni bomba la chuma la nyumba au la mtaa, hita haina kosa. Ya moto peke yake ikiwa na chembe za kahawia zilizotua chini, tanki linaliwa. Chembe zikiwa laini za udongo, ukizisugua kidoleni zinayeyuka, hilo ni tope. Zikiwa ngumu zenye kukwaruza kama unga wa msasa, hilo ni chuma. Tofauti ya kidole hiki inaokoa hela nyingi.

Maji ya moto yakinuka yai viza, chanzo ni bakteria wanaoshirikiana na magnesi kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa. Pandisha themostati hadi nyuzi 65 usiku mmoja, mwaga maji yote, jaza upya. Na kama mlikuwa mmeiacha kwenye nyuzi 40 ili kubana umeme, ndipo mlipokosea: kaeni kwenye 60. Tukumbuke pia kuwa Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, kwa hiyo themostati iliyokwama ikawaka bila kuzima hufika kwenye mvuke mapema kuliko Dar es Salaam. Hita ikinguruma na koki ikitoa mvuke, zima kwenye sakiti breka, usifungue koki yoyote, iache ipoe.

Kuna tatizo moja ambalo mafundi wengi hulikosea. Maji yanatoka moto kwa dakika moja, kisha vuguvugu, ingawa elementi ni nzima na themostati ni nzima. Kwenye hita ya kutundikwa, bomba la moto na la baridi yote yanaingilia chini, lenye duara jekundu na lenye duara la bluu. Lile la moto lina mrija mrefu ndani unaopanda mpaka juu ya tanki kuchukua maji yaliyo moto zaidi. Mrija ukikatika kwa kutu, unachukua maji ya chini, ya baridi. Mrija ukiwa umefikia hali hiyo, tanki nalo haliko mbali. Kwa hita ya zaidi ya miaka saba tunashauri kung'oa. Mabomba yakiwa yamegeuzwa wakati wa kufunga, dalili ni hiyohiyo, na kosa hilo hutokea kwa hita mpya. Angalia rangi za duara kwanza.

Kujua kama elementi inafanya kazi huhitaji hata tesa. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, uwashe hita peke yake ikiwa na maji ya baridi, kisha simama mbele ya mita ya LUKU. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1,000. Hita ya wati 1,500 yenye umeme kamili itapepesa mara 25 kwa dakika, ya wati 2,000 mara 33. Ikipepesa 15, volti ni ndogo. Isipopepesa kabisa, ama elementi imekatika ama kifaa cha usalama kimeruka. Hicho kina kitufe kidogo cha kubonyeza karibu na themostati. Kikiruka mara moja tu, bonyeza, endelea. Kikiruka kila wiki, themostati imekwisha. Mwenye multimeta apime upinzani wa elementi, umeme ukiwa umezimwa na waya zimetolewa: om 35 kwa wati 1,500, om 26 kwa wati 2,000. Kisha apime kati ya ncha ya elementi na ganda lake. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, hiyo ndiyo inayorusha breka au kukutekenya bafuni.

Sasa kufungua. Zima sakiti breka, si swichi ya bafuni tu. Funga koki ya kuingizia, fungua koki ya moto ili hewa ipite, kisha nyanyua kijiko cha valvu ya usalama na kinga ndoo. Lita 50 kwa tundu dogo vile ni kazi ya nusu saa, kuwa na subira. Fungua boliti za mfuniko, ushikilie kwa mkono kwa sababu maji ya mwisho na tope yatashuka kwa pamoja. Itazame elementi vizuri kabla ya kuitupa, kwani inasimulia. Ganda likiwa limepasuka kwa urefu na kugeuka rangi ya bluu na kijivu, iliungua kavu: badili na kivalvu cha kutorudisha maji, la sivyo mpya nayo itaungua. Ikiwa imezamishwa kwenye tope hadi nusu, imepungukiwa usafi tu. Ikiwa na ukoko mweupe mgumu, una maji ya kisima. Kisha fimbo ya magnesi: ikibaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati ukionekana, weka mpya. Ikiwa imebaki waya mtupu, chukua tochi na uchungulie ndani ya tanki. Kauri nyeupe au ya bluu yenye madoa mawili matatu, bado unayo. Malengelenge ya kutu kwenye mstari wa kuchomelea, usinunue kipuri chochote, hela hiyo iweke kwenye hita mpya.

Toa tope kwa kijiko cha mbao, si chuma. Raba ya mfuniko weka mpya kila unapofungua, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Ukimaliza, jaza maji huku koki ya moto iko wazi mpaka itoke bila kukohoa hewa. Hapo ndipo uwashe. Elementi nyingi mpya huungua siku ya kwanza kwa sababu mtu aliwasha kwanza akajaza baadaye.

Sponji ikilowa, hita inakuwa mlaji wa kimya. Pasha usiku hadi nyuzi 60, zima, usitumie, pima maji ya kwanza ya moto baada ya saa 12. Tanki la lita 50 lisilo na kasoro litakuwa karibu na nyuzi 50. Likiwa chini ya 45, joto linavuja. Haliharibu tanki, lakini linaharibu LUKU: hata tanki zima hupoteza kama uniti moja kwa siku kwa kukaa moto tu, na kwa bei ya kawaida, ambapo elfu kumi inaleta uniti 28, hiyo ni shilingi 350 hivi kila siku bila mtu kuoga.

Ya papo kwa papo

Hizi, za Kibrazili aina ya Lorenzetti na nyinginezo zinazofanana nazo, zimeenea kwa sababu ni nafuu na hazihitaji tanki. Ndani yake kuna waya wa springi ulio wazi kabisa ndani ya maji, na raba ya daiframu inayosukumwa na maji ili kuunganisha umeme. Springi ikikatika, badili springi, ni kazi ya dakika 15 na bisibisi. Raba ikikakamaa, ama hita haiwaki ama haizimi ukifunga koki, nayo hubadilishwa.

Kung'oa ni pale unapofungua kifuniko ukakuta plastiki imegeuka kahawia kuzunguka vituo vya waya, au umenusa harufu ya plastiki ya kuungua wakati wa kuoga. Usibadili kituo peke yake. Na usifunge mpya kwenye waya uleule, kwa sababu mara nyingi mkosaji ni waya. Hita ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Ukiitundika kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, kilichochelewa ni moto tu. Inataka waya wa 6, breka ya ampea 32, na swichi ya jiko ya ampea 45 iliyowekwa nje ya bafu. Na kwa vile springi yake iko uchi majini, kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, si pambo. Tungekiweka hata kabla ya hita.

Hapa tunatofautiana na wauzaji. Maji ya ziwa yanafika bafuni yakiwa na nyuzi 24 hadi 26, na mtu anaoga kwa 40 au 42. Wati 3,500 kwenye maji ya lita tatu kwa dakika zinaongeza nyuzi 16 hadi 17. Zinatosha. Wati 5,500 zimeundwa kwa watu wanaoamkia maji ya nyuzi 12. Hapa utajikuta unaongeza maji ili usiungue, na kuvuta waya wa gharama bila sababu. Ile ya 3,500 inavuta ampea 15, waya wa 2.5 na breka ya 20 vinaibeba. Kuoga dakika nane ni chini ya nusu uniti. Kwa nyumba ya watu wawili au watatu, yenye athi iliyopimwa, ndiyo tunayoipa alama za juu kuliko zote tatu. Udhaifu wake ni simtanki lililowekwa chini: mita moja ya kimo juu ya bomba la mvua ndiyo kiwango cha chini kwa nyingi, na tungependa tatu.

Ya jua

Kwa jua la Mwanza, hita ya mirija ya kioo inapasha kupita kiasi, na ndipo ugonjwa wake ulipo. Mirija ikikauka mchana maji yakiwa yamekatika, ndani yake joto hupita nyuzi 200. Maji yakirudi saa nane mchana na kuingia ya nyuzi 25, kioo kinapasuka kama glasi ya chai iliyotiwa barafu. Weka koki kwenye bomba la kuingizia, na tanki likikauka lijaze alfajiri kabla jua halijatoka.

Mrija uliokufa unajionyesha wenyewe. Chini kabisa kuna rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na mrija haupashi tena. Badili huo peke yake. Saizi ya kawaida ni kipenyo cha milimita 58 na urefu wa mita 1.8. Mirija mitatu kati ya 20 ikifa hutaona tofauti kubwa kwa hali yetu ya hewa, subiri ifike mitano uite fundi mara moja. Tanki likikunjamana kama kopo lililokanyagwa, tundu la hewa lilizibwa, mara nyingi na nyigu waliojenga. Likivuja kupitia sponji, limekwisha. Mengi ya aina hii ni ya chuma chembamba cha nusu milimita au pungufu, hayavumilii msukumo wa bomba la mtaani. Lazima yalishwe na simtanki lenye boya. Aliyeyaunganisha moja kwa moja na bomba la mtaani hana haki ya kulalamika.

Ukiamua kununua

Muuzaji atakuonyesha la lita 80 au 100. Mwambie akae. Kuoga dakika tano kwa lita saba kwa dakika ni lita 35 za maji ya nyuzi 40. Ukichanganya ya 60 na ya 25, ya moto ni lita 15 tu. Tanki la lita 30 linaogesha wawili mfululizo, la 50 watatu, na ukisubiri dakika 40 anaingia wa nne. La lita 50 kutoka baridi linakula uniti mbili. Linyanyue dukani kabla ya kulipa na ulilinganishe na jingine la ujazo huohuo, lenye chuma kinene huwa zito. Tafuta alama ya TBS, angalia kama valvu ya usalama imo kwenye boksi, soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko, kisha muulize muuzaji swali moja tu: elementi na raba ya mfuniko ya hita hii unazo hapa dukani? Akisema zitaagizwa Dar, nenda duka la pili. Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana igongwe muhuri mbele yako, na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ukutani, lita 50 zikijaa na chuma chake ni kilo 65 au zaidi. Tofali la saruji lenye mchanga mwingi halishiki plagi ya plastiki. Toboa ukuta mzima, pitisha boliti, weka washa pana upande wa pili.

La zamani usimwachie fundi bure. Toa kwanza themostati, kivalvu na elementi kama ni nzima, uziweke kwenye kopo la akiba, ndipo uwapelekee wa chuma chakavu lililobaki.